Venye Utatafuta Kitabu kwa Katalogi ya Maktaba na Kukiwekesha Kabla Hujapanda Matatu

Binti ya shangazi yangu anasomea ufugaji wa samaki na anakaa Luanda, hapo Vihiga. Siku moja aliamka mapema akapanda matatu hadi Kisumu kutafuta kitabu kimoja tu, akafika maktaba akazunguka rafu karibu masaa mawili, akakosa, na vile alikuwa anatoka ndo akauliza kaunta akaambiwa kitabu kipo ila kimeazimwa, kitarudi baada ya siku tisa. Hiyo habari ya siku tisa ilikuwa imeandikwa kwa katalogi ya mtandaoni tangu mwanzo. Angeiona kwa simu akiwa bado jikoni kwao anangoja chai ichemke, na hapo hapo angekiwekesha, yaani aombe ashikiwe kikirudi, alafu aje siku ya kukichukua.

Iliniuma sana, juu najua pesa ya nauli kwao hutoka wapi. Tangu siku hiyo nimeketi na watu wengi kuwaonyesha hii kitu, wanafunzi, walimu, hata wakulima, kwa hivyo wacha niandike yote mahali pamoja, polepole, mtu afuate akiwa na simu mkononi.

Kwanza elewa katalogi ni nini

Watu wengi wanaandika kwa katalogi vile wanaandika kwa Google, sentensi nzima, kitu kama "how to keep tilapia in cages and make profit in Lake Victoria", alafu wanapata sufuri na wanasema maktaba haina kitu. Maktaba inaweza kuwa nacho. Shida ni kwamba katalogi haisomi ndani ya kitabu. Inasoma tu yale maelezo mafupi mtu wa maktaba aliandika kuhusu hicho kitabu: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, namba ya rafu, na maneno machache ya mada. Na kwa kawaida inataka kila neno uliloandika lipatikane kwa hayo maelezo, kwa hivyo ukiongeza maneno unajifungia milango. Kwa mfano huo hapo juu ningeandika maneno mawili pekee, tilapia na cage, basi.

Ukishika hiyo, nusu ya kazi imeisha. Unatafuta kwa maneno ya yule aliyeandika maelezo, na yako yanangoja.

Kufika kwa katalogi yenyewe

Ingia tovuti ya maktaba yako utafute mahali pameandikwa "OPAC" ama "Library Catalogue". Vyuo vyetu vya huku, kuanzia Maseno, Masinde Muliro pale Kakamega mpaka Egerton kule Njoro, wote wana tovuti za maktaba. Kwa maktaba za umma za Kisumu, Nakuru na Kakamega pita kaunta mara moja uulize kama hilo tawi lina katalogi ya mtandaoni na anwani yake ni gani, uandike mahali hutapoteza. Haili bando sana, ni maandishi tu, kwa hivyo simu ya kawaida inatosha.

Utakuta maktaba nyingi za vyuo hapa Kenya zinatumia programu inaitwa Koha. Inanifurahisha kila nikikumbuka ilikotoka, ilitengenezwa kwa ajili ya maktaba za wilaya moja huko New Zealand, mahali panaitwa Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000, na koha kwa lugha ya Wamaori ni zawadi. Ni ya bure kabisa ndo maana imeenea hivi. Vitufe nitakavyotaja hapa ni vya Koha, lakini hata kama maktaba yako inatumia ingine, mpangilio unafanana sana.

Huhitaji akaunti kutafuta. Akaunti utaihitaji ukifika kuwekesha tu.

Kutafuta: hapa tukae kidogo

Kama una kitabu kamili akilini, anza na ISBN ukiwa nayo, ile namba iko nyuma ya kitabu juu ya michirizi. Vitabu vingi vya Kenya utaona imeanza na 978-9966. Vitabu vya kabla ya 2007 vilikuwa na namba 10 badala ya 13, na ukikosa kwa moja jaribu ile ingine iliyochapishwa kwa kurasa za mwanzo, lakini usijitungie kwa kuongeza 978 mbele ya ile ya zamani juu tarakimu ya mwisho huwa inabadilika.

Kama huna ISBN, andika jina la mwisho la mwandishi na neno moja zito la jina la kitabu. Neno moja. Ukiandika jina lote na ukosee herufi moja, umekosa kila kitu.

Majina ya waandishi wetu nayo yana mambo. Katalogi hupanga kwa jina la mwisho, yaani "Ogot, Grace". Ukiandika Ogot peke yake unapata watu wawili wakubwa wa huku kwetu, Grace mwandishi wa hadithi na Bethwell mwanahistoria, mtu na mume wake, kwa hivyo ongeza jina la kwanza. Lakini majina mengine hayakugeuzwa, mtu kama Ngũgĩ wa Thiong'o utampata chini ya Ngugi, na usihangaike na zile alama za juu, andika Ngugi tu na mara nyingi atatokea. Shaaban Robert jaribu pande zote mbili, Robert kwanza na Shaaban kwanza.

Na hiyo alama ya ng'. Simu zingine huweka ile alama iliyopinda badala ya iliyonyooka, na katalogi zingine haziioni kama kitu kimoja. Ukitafuta ng'ombe ukakosa, andika ngombe bila alama, alafu urudie na alama ukiwa kwa kompyuta. Nimeona mtu akikata tamaa juu ya hiyo alama pekee.

Sasa Kiswahili chenyewe. Katalogi zina nyota, hii *, ambayo inamaanisha neno liishe vyovyote. Ukiandika fish* unapata fish, fishing, fisheries, fishermen, zote mara moja. Nzuri sana kwa Kiingereza juu maneno yao hubadilika mwisho. Yetu hubadilika mbele! Mtoto na watoto, kitabu na vitabu, mkulima na wakulima, na nyota ya mbele huwa haifanyi kazi kwa katalogi nyingi. Kwa hivyo andika zote mbili na OR katikati kwa herufi kubwa: mkulima OR wakulima. Kwa vitenzi jaribu kufuga OR ufugaji. Hii hakuna mtu alinifundisha, niligundua nikitafuta vitabu vya methali, nikiandika methali napata vichache, nikaandika mithali zikatokea zingine, alafu nikagundua pia nahitaji misemo na nahau. Ni kujaribu tu hadi uzoee.

Maneno mawili yanayofuatana, yafunge kwa alama za kunukuu, "Lake Victoria", ili usiletewe kila Victoria duniani.

Mada zimeandikwa kwa Kiingereza, hata kwa kitabu cha Kiswahili

Hii ndo siri kubwa na ningependa kila mwanafunzi aijue. Kitabu kinaweza kuwa cha Kiswahili kutoka jalada hadi jalada, lakini yale maneno ya mada kwa katalogi ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha aina fulani. Binti ya shangazi alikuwa anaandika "ufugaji wa samaki" anapata kidogo sana. Tukaandika "fish culture", skrini ikajaa. Sio fish farming, fish culture, ndo vile watu wa maktaba wameamua kuiita.

Kwa hivyo tafsiri kwanza kichwani. Pareto ya Molo tafuta pyrethrum. Gugu maji la ziwa letu ni water hyacinth. Kayongo inayomaliza mahindi na mtama huku Nyanza na Magharibi, andika striga. Hadithi na riwaya za Kiswahili andika "Swahili fiction", sarufi andika Swahili na grammar.

Na majina ya mahali yamebadilika, lakini vitabu vya zamani havijabadilika. Ukitafuta historia ya Kisumu ukaishia kwa neno Kisumu, unaacha vitu vizuri, juu reli ikifika hapa 1901 pahali paliitwa Port Florence, na ile ghuba ya Winam ilijulikana miaka mingi kama Kavirondo Gulf. Andika Kavirondo uone vitabu vya wakoloni na vya watafiti vikitokea. Waluhya nao wameandikwa Luhya, Luyia, Abaluyia, na kwa mada utawapata zaidi kama Luyia, kwa y. Jaribu zote, sekunde chache tu.

Njia rahisi kuliko zote ukikwama: tafuta kitabu kimoja tu kizuri kwa njia yoyote, ufungue maelezo yake, chini utaona mada zimeandikwa kwa rangi ya linki. Bonyeza hiyo linki. Katalogi inakuletea vitabu vyote vya mada hiyo hiyo, hata vile usingejua uandike neno gani kuvipata. Ukipata kimoja umepata ndugu zake wote.

Kusoma maelezo ya kitabu

Umefungua kitabu, usikimbilie kubonyeza. Tazama vitu vinne.

Mwaka na toleo, juu kitabu cha sheria ama cha kompyuta cha 1994 kitakupoteza, ingawa cha historia ni sawa.

Mahali kilipo. Chuo kinaweza kuwa na kampasi kadhaa na katalogi ni moja. Kitabu unachokiona kiko "available" inawezekana kiko kampasi ya mji mwingine kabisa. Hii imewapata wengi, wanaona kipo wanafunga safari, kumbe kiko upande ule mwingine.

Hali yake. "Available" ni kipo kwa rafu. "Checked out" kimeazimwa, na pembeni kuna tarehe ya kurudi. "Not for loan" ama "Reference" ni cha kusomea pale pale, hutoki nacho, kwa hivyo panga siku ya kwenda kukaa. Vyuo pia vina "short loan", vile vitabu vinavyogombaniwa, unapewa masaa tu ama usiku mmoja.

Alafu namba ya rafu, iandike kwa karatasi ama piga picha skrini, yote, mpaka zile herufi za mwisho. Maktaba za umma hutumia namba za Dewey, mpango wa kupa kila mada namba yake, na ufugaji wa samaki uko 639.3, historia ya Kenya 967.62, lugha ya Kiswahili 496.392 na fasihi yake 896.392. Hizo zilizo baada ya nukta zisome kama desimali: 639.12 iko kabla ya 639.2, hata kama kumi na mbili ni kubwa kuliko mbili. Watu hupita kitabu chao hivyo, wanasimama mbele yake na hawakioni.

Vyuo vikuu vingi hutumia ule mpango mwingine wa herufi, unaitwa Library of Congress, samaki wako SH, Kiswahili kiko PL 8701 kwenda mbele. Hapo namba ya kwanza isome kama namba nzima, SH 35 inatangulia SH 151, lakini ile ya baada ya nukta na herufi ni desimali tena, .K45 iko kabla ya .K5. Simama mbele ya rafu na karatasi yako, fuata mstari mmoja mmoja wa ile lebo ya mgongoni, herufi, namba, alafu mstari wa chini. Usiruke.

Kuwekesha

Sasa ingia kwa akaunti. Kwa chuo mara nyingi ni namba yako ya usajili, kwa maktaba ya umma ni namba ya kadi, na paswadi utapewa kaunta ukijiandikisha. Ibadilishe siku hiyo hiyo. Hakikisha pia emaili na namba ya simu waliyoandika ni unazotumia saa hii, juu hapo ndo ujumbe utakuja. Mimi niliwahi kuwekesha kitabu kwa maktaba moja, nikangoja wiki mbili kimya, kumbe kilirudi zamani, ujumbe ukaenda kwa emaili niliyokuwa nayo nikiwa sekondari, siku zikaisha na kikapewa mtu mwingine.

Fungua kitabu chako, bonyeza "Place hold". Itakuuliza unachukulia wapi, chagua tawi ama kampasi iliyo karibu nawe, hiyo sehemu watu huipita na inajiwekea tawi lolote. Kuna mahali pengine inakuuliza kama unataka nakala maalum ama ile ya kwanza kupatikana. Chagua ya kwanza kupatikana kila wakati, isipokuwa unataka toleo fulani tu, juu ukichagua nakala moja na hiyo iko na mtu asiyerudisha, utangoja mpaka uchoke huku nakala zingine zinapita. Alafu thibitisha. Usipoona ule ukurasa wa kuonyesha ombi lako na nafasi yako kwa foleni, halijaingia, rudia.

Maktaba zingine hukubali uwekeshe tu kama kimeazimwa, kikiwa kwa rafu wanataka uje uchukue mwenyewe. Ukikosa kitufe, usidhani umekosea, piga simu kaunta ama uwaandikie, useme jina la kitabu na namba ya rafu, uombe kwa heshima wakushikie hadi jioni. Nimeona wakikubali mara nyingi, ukiwa na namba ya rafu tayari wanajua unajua unachotaka.

Baada ya hapo ingia kwa akaunti kila siku mbili hivi uangalie. Ikiandikwa "Waiting" ama "Ready", kitabu kimewekwa pembeni, kwa rafu ya kaunta, na kina karatasi yenye jina ama namba yako. Kuna siku za kukichukua, kila maktaba ina zake, uliza ni ngapi. Beba kadi. Na kama mpango umebadilika hukihitaji tena, bonyeza "Cancel" ili wa nyuma yako apite.

Na ukiwa kwa saiba, tafadhali toka kwa akaunti kabla hujainuka. Anayekaa kiti hicho baada yako anaweza kukuwekeshea vitabu ama kuona kila ulichosoma.

Kama maktaba yako haina kabisa

Usiishie hapo. Ndani ya akaunti yako ya Koha kuna mahali pa kupendekeza kitabu kinunuliwe, "Purchase suggestions", jaza jina, mwandishi na ISBN, na sababu fupi. Watu wachache sana hutumia hiyo fomu, na maktaba ikikaa kupanga bajeti inaangalia nini watu wameomba.

Ingia pia WorldCat, katalogi inayounganisha maktaba za dunia, ilianza 1971, utajua kitabu kiko wapi na kimeandikwaje kwa maelezo, hata kama hutakifikia. Na hayo maelezo uyapeleke kwa dawati la maktaba yako uulize kama wanaazima kutoka maktaba ingine kwa niaba yako. Open Library nayo inakuruhusu kuazima vitabu vingine vya kidijitali bure kwa akaunti ya emaili, vingine saa moja moja, vingine siku 14, na saa moja inatosha kupiga noti za sura moja ukijipanga.

Ukishakuwa nacho

Andika tarehe ya kurudisha kwa simu na uweke kengele siku mbili kabla. Ukiona hutamaliza, ingia kwa akaunti ubonyeze "Renew" kabla ya tarehe kupita, sio baada. Ikikataa, mara nyingi ni kwamba kuna mtu amekiwekesha nyuma yako, kwa hivyo kirudishe siku hiyo ama mapema. Yeye pia ako Ahero ama Siaya, ameshika simu, anacheki kama kimerudi ndo apange nauli.